Mama Sponji Anataka Gari Gumu

Siku Mama Sponji aliposema anataka springi ngumu, fundi wa kuchomelea alizima moto wake, akavua miwani myeusi, akamtazama kwa macho makavu ili ahakikishe kwamba aliyesema ni yeye.

"Rudia, dada."

"Nimesema nataka gari langu liwe gumu. Lishuke chini, likaze miguu, lisilale kwenye kona."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Na ukipima vizuri, cha kuchekesha kilikuwapo. Huyu alikuwa mwanamke aliyeishi miaka ishirini na miwili kwa kazi ya kulainisha. Kibanda chake cha mabati kilikuwa cha kwanza mkono wa kushoto ukiingia, na ndani yake mlikuwa na cherehani moja ya chuma, nzito kama mzazi aliyekasirika, na marundo ya sponji za kila unene: ya kidole kimoja, ya vidole vitatu, ya kiganja kizima. Viti vya magari viliingia kwake vikiwa mifupa mitupu, vikatoka vimenona. Nusu ya mji ilikuwa imekalia kazi ya mikono yake bila kujua, na yeye hakuwadai shukrani. Nani humshukuru aliyeshona kiti? Kiti hukumbukwa siku kinapochoma.

"Muuza sukari anatafuta shubiri!" alisema Profesa, akatokeza kichwa chini ya lori.

Profesa ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa miguu ya magari pale. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya shule. Alipewa kwa sababu hakuna swali aliloulizwa akalijibu kwa sentensi moja. Alijivuta kutoka chini ya lori, akakaa kitako, akaanza.

"Mimi nina miaka thelathini chini ya magari. Watu wanakuja hapa, wananiambia, Profesa, niinulie gari, barabara mbovu. Profesa, nilainishie, kiuno kinauma. Profesa, mke wangu mjamzito, fanya gari litembee kama wingu. Miaka thelathini! Hajaja mtu akaniambia nimshushie na nimkazie. Wewe unataka hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu nataka."

"Hiyo si sababu."

"Yako ya kuvaa kofia mbili ni ipi?"

Profesa aligusa kichwa chake, kofia ya sufu chini, kepe juu, akarudi chini ya lori.

Sababu ilikuwapo, lakini Mama Sponji hakuona kwa nini aitandaze uani kama nguo za kufua.

Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alipokuwa na kumi na minne alipelekwa kwa shangazi yake, dada wa baba, mwanamke asiye na mtoto na asiye na maneno, aliyeshona viti vya magari wakati wanawake wengine wa mtaa walishona mapazia. Kwa shangazi alijifunza kusoma kitambaa kwa kidole gumba, kuchora chaki bila kuinua mkono, na kuvuta ngozi bandia mpaka mikunjo yote ikimbie. Kisha akaolewa. Ndoa ilidumu miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakuwahi hata mara moja kukaa kiti cha mbele cha gari la mumewe. Mbele alikaa rafiki wa mume. Rafiki asipokuwapo, mbele ulikaa mkoba wa mume. Yeye alikaa nyuma na vifurushi, akiegemea kila gari lilipoegemea, akirushwa kila liliporuka, na akiulizwa, "Mbona umenuna?" Siku alipoondoka hakubeba kitu ila mkasi wake. Alirudi kwa shangazi kwa miguu, na njia nzima alitembea katikati ya barabara.

Udereva alijifunza akiwa na miaka arobaini na moja. Miaka miwili baadaye shangazi alifariki, akaacha kigari chake kidogo cha milango mitano, cheupe, cha mviringo, ambacho watu walikiita Kidonge. Wosia ulikuwa mstari mmoja: gari ni la watoto wa kaka yangu, wapatane.

Watoto wa kaka walikuwa wawili, Mama Sponji na kaka yake mkubwa. Kaka alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, na hata kustaafu kwenyewe alikufanya kwa kufuata taratibu. Alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyemnunulia dada yake viatu vya shule, na ndiye peke yake katika ukoo aliyesema "karibu nyumbani" ndoa ilipovunjika. Lakini wema wake ulikuja na karatasi. Aliandika masharti, wakatia sahihi wote wawili: mdogo mtu alitumie gari maadamu liko salama barabarani, siku akiliharibu kwa mikono yake au kwa amri yake, gari litahamia kwa mkubwa mtu, bila ugomvi. Kila mwisho wa mwezi alikuja na kitambaa cheupe, akafuta kijiti cha oili, akakitazama kama ushahidi, akaondoka.

Basi maisha yakaenda, mpaka ilipotokea siku ya mganga wa meno.

Mganga wa meno alikuwa mteja. Naye alikuwa na kigari kama Kidonge, cha aina ile ile hasa, ila chake alikuwa amekikaza miguu kwa ajili ya mashindano ya kupita katikati ya vibao, yale ambayo watu hufanya Jumapili kwenye uwanja mtupu. Siku moja alimpa Mama Sponji lifti kwenda kuchagua kitambaa, na akapita barabara ya mlimani, ile inayopanda mpaka kwenye tangi la maji, yenye kona tisa. Mama Sponji aliikaza mikono kwenye kiti kungojea kuegemea, kama alivyozoea miaka yote. Kuegemea hakukuja. Kona ilifika, na gari likageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Halikuinama, halikuyumba, halikuomba radhi. Kona ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Alipanda mpaka juu akiwa ameketi wima, amenyooka kama sindano kwenye kitambaa, na aliposhuka alikuwa na machozi ambayo alimwambia mganga ni vumbi.

Jioni ile ile alipita njia ile na Kidonge. Kidonge kikaingia kona ya kwanza kikijilaza ubavu kama mlevi anayetafuta ukuta. Naye, ndani ya gari lake mwenyewe, mikono yake mwenyewe kwenye usukani, akajikuta amerudi kule nyuma, pamoja na vifurushi.

"La," alisema peke yake. "Hapa sirudi."

Vyuma alivipata kwa mwenye yadi ya magari yaliyokufa. Kulikuwa na kigari cha aina yake kilichogongwa ubavuni, ambacho mwenyewe alikuwa amekikaza kimchezo: springi fupi nyekundu nne, shokapu zake ngumu za kuzituliza, na ule ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale, huu mnene kama kidole gumba. Mwenye yadi alitaka viti vya lori lake vishonwe upya. Vikashonwa. Mama Sponji alirudi gereji na vyuma vyake ndani ya gunia, akaviweka mbele ya Profesa.

"Ungeniambia tu," alisema Profesa. "Hizo springi zako za sasa ningekukatia pindo mbili kwa moto. Dakika kumi, gari liko chini."

"Springi ikipigwa moto inakufa."

"Nani kakwambia?"

"Sindano. Kila sindano niliyoipasha moto haikushona tena, inapinda tu."

Fundi wa kuchomelea alikohoa kufunika kicheko. Profesa alizichukua zile springi nyekundu, akazipima kwa kiganja.

Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha, na lile shimo la gereji ambalo gari husimamishwa juu yake ili fundi asimame chini, lilikuwa limejaa maji mpaka kiunoni. Kwa hiyo Profesa aliliinua gari kwa jeki pale uani, akaliweka juu ya vigingi, magurudumu yananing'inia hewani kama miguu ya kuku aliyeshikwa mabawa. Akatoa vya zamani, akatia vipya, akakaza kila boliti mpaka spana ikalia. Alasiri akashusha gari chini, akajifuta mikono.

"Haya. Umeyataka."

Na kweli kilichofuata hakuna ambaye angekitaka. Kidonge kilisimama juu juu, kimepandisha mabega kama mtu anayesikia baridi. Kwenye kishimo kidogo kiliruka chote kwa pamoja. Kilikwaruza na kulia chini kwa chini kama panya walio ndani ya kabati. Kwenye kona ndipo palipokuwa pabaya zaidi: kwanza kilibisha, halafu kikakubali kwa ghafla, kikajitupa.

"Dada, hilo gari limevaa viatu vya mtu mwingine," alisema fundi wa kuchomelea.

Mama Sponji alivumilia siku kumi. Siku ya kumi, Jumatano, kaka akaja na kitambaa chake cheupe, na kwa bahati mbaya akaomba apelekwe posta. Kwenye tuta la kwanza kichwa chake kilipiga dari, miwani ikamwangukia mapajani. Alisubiri gari lisimame, akashuka, akavaa miwani, akafunga mlango taratibu kama mtu anayefunga jalada.

"Umelifanya nini?"

"Nimelikaza miguu."

"Umeliharibu, mdogo wangu. Jumamosi saa nne asubuhi nakuja kulichukua."

"Kaka, halijaharibika, halijakaa sawa tu."

"Sharti ni sharti. Sahihi yako iko pale chini."

"Sawa. Njoo Jumamosi. Lakini utapanda kwanza nikuendeshe mlimani, kona zote tisa. Ukishuka ukasema si salama, funguo hizo hapo."

"Nipande tena? Nina kichwa kimoja tu."

"Kivalishe kofia."

Alhamisi asubuhi Profesa alikuja mwenyewe kibandani, mikono nyuma. "Zile springi za zamani ziko wapi? Lete nirudishie, tumalize aibu hii."

"Aibu ya nani?"

"Yako. Ya nani tena? Gari la watu wazima unalifanya la mashindano."

"Nitakuambia nikimaliza hiki kiti."

Kiti alichokuwa nacho kilikuwa cha dereva wa lori, mtu mnene. Alikuwa amekishona chote isipokuwa mshono mmoja wa chini, ule wa mwisho, alioufungia pini za muda. Ndivyo alivyofundishwa. Mshono wa mwisho haufungwi mpaka mtu akae. Kitambaa ukikifunga kiti kikiwa kitupu, kitashika umbo la utupu. Siku mwenyewe akikikalia, kila upande utavutwa, utalia, na mwisho utachanika. Kwa hiyo alimngoja yule mnene aje akae, sponji ibonyee, kitambaa kijue mzigo wake, ndipo atie uzi wa mwisho.

Mkono wake ulisimama hewani na pini.

Aliweka kiti chini, akachukua kipande cha boksi na tochi ya simu, akalala chali chini ya Kidonge. Kila mahali ambapo mkono wa gurudumu unashikana na bodi pana bushi, kile kipande cha mpira kinachoruhusu chuma kupanda na kushuka bila kusagana. Akaweka kidole gumba chake, kidole kilichosoma vitambaa miaka thelathini, juu ya ule mpira. Ulikuwa umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Akaenda wa pili: umesokotwa. Wa tatu: umesokotwa, na mwanzo wa ufa unaonekana, mwembamba kama uzi.

Alitoka na vumbi mgongoni.

"Profesa! Hizi boliti za bushi ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya vigingi. Wapi tena, mbinguni?"

"Magurudumu yananing'inia?"

"Kwani yalikuwa na pa kukanyaga?"

"Basi umefunga mpira ukiwa umelala. Gari likisimama, mpira unalazimishwa kuamka, na hauwezi kugeuka kwa sababu umeubana. Ndiyo maana linalia, ndiyo maana limepandisha mabega. Springi hazina kosa."

Fundi wa kuchomelea alitazama kiatu chake.

"Mimi," alisema Profesa polepole, "nimekaza boliti kabla wewe hujajua kutunga uzi. Na kwa springi laini nimefanya hivyo mara elfu."

"Kwa laini inasamehe. Hii ngumu na fupi haisamehi."

"Nani kakufundisha?"

"Kile kiti pale."

"Sasa viti vinafundisha! Sikiliza, mama. Cherehani ni cherehani na spana ni spana. Mimi sirudii kazi yangu kwa sababu ya mshono."

"Usirudie. Niazime spana."

"Spana zangu haziendi kwenye mikono ya uzi."

Kumbe kulikuwa na spana nyingine pale gereji. Fundi wa kuchomelea alisukuma sanduku lake kwa ncha ya kiatu, bila kumtazama mtu, akasema kuna kitu hapo kinamzuia njia, mwenye kukihitaji akiondoe.

Ijumaa asubuhi na mapema Mama Sponji alianza na shimo. Ndoo baada ya ndoo alitoa yale maji, na wanaume wakapita wakitoa maoni, maana maoni hayana uzito kama ndoo. Mmoja aliuliza kama anachimba kisima. "Nachimba kaburi la maswali," alijibu. Maji yalipofika mahali ambapo ndoo haichoti tena, alileta mabaki ya sponji, akayatupa chini, yakanywa, akayakamua, akayatupa tena. Saa nne shimo lilikuwa kavu kuliko lilivyowahi kuwa tangu lichimbwe.

Akakisogeza Kidonge juu yake kikiwa kimesimama kwa miguu yake minne. Kabla ya kugusa kitu alichukua futi yake ya ushonaji, akapima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, akaandika kwa chaki ukutani. Akashuka shimoni. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili mkono uwe mrefu, akalegeza boliti ya kwanza.

Mlio uliotoka ulimfanya fundi wa kuchomelea ainue kichwa. Haukuwa wa kuvunjika. Ulikuwa mlio wa kitu kilichokaa vibaya muda mrefu kikaruhusiwa kukaa vizuri. Ya pili ikalia hivyo, na ya tatu. Alipolegeza ya mwisho aliinuka, akakibonyeza Kidonge kwa mikono miwili, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Gari likashusha pumzi. Akapima tena: vidole viwili chini kuliko asubuhi, pembe zote nne.

Sasa ilibaki kukaza, na kukaza kulihitaji mzigo. Hakuna gari linalojiendesha tupu.

"Profesa."

"Mimi sishiki spana."

"Sikuombi ushike. Nakuomba ukae."

"Nikae wapi?"

"Kiti cha dereva. Ukae tu kama gunia. Uzito wako ni sawa na wangu na mkoba."

Mafundi wote walikuwa wamesimamisha kazi. Profesa alivua kepe, akabaki na ya sufu, akaivaa tena kepe. Kisha, kwa hatua za mtu anayekwenda kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, akaingia, akakaa. Kiti kilikuwa cha Mama Sponji, bila shaka, na wote waliona alivyotulia ndani yake hata kama hakutaka.

"Usitikisike."

"Natikisika mimi?"

"Unapumua sana."

Akashuka shimoni, akakaza moja baada ya nyingine, bomba likipiga kwikwi, mabega yakiwaka moto, mtu mzima amekaa juu ya kichwa chake akinung'unika. Baadaye alinyoosha magurudumu kwa uzi. Aliuvuta wa nailoni pande zote mbili za gari, akapima mbele na nyuma ya kila tairi kwa futi ile ile, akarekebisha mpaka vipimo vikalingana. Profesa alikuwa ameshatoka garini kufikia hapo. Alikuwa amechutama karibu, anautazama ule uzi, na mara moja, bila kuombwa, akausogeza kwa upana wa kucha. Mpaka leo hueleza kwamba kazi ile waliifanya wawili, yeye akiwa juu. Mama Sponji hajawahi kumkanusha. Ni kweli alikuwa juu.

Jumamosi saa nne kamili kaka alifika. Alikuwa amevaa koti, na mfukoni mwa koti ile karatasi, pembe yake ikichungulia. Hakuvaa kofia.

"Panda, kaka."

"Kona tisa?"

"Tisa kwenda. Kurudi tutaona kama ni gari lako au langu."

Alipanda, akafunga mkanda, akaukaza, akashika mpini ulio juu ya mlango. Lile tuta la Jumatano walilipita. Kidonge kilipanda kikashuka mara moja, pu, basi. Kaka aligusa kichwa chake kukitafuta, akakikuta mahali pake.

Barabara ya tangi la maji huanza kwa upole, kama mtu anayetaka kukukopa. Kisha inakata kulia. Mama Sponji hakupunguza zaidi ya inavyopasa. Aligeuza usukani, na Kidonge kikaenda pale pale alipotazama. Tairi nne chini, bodi imetulia, hakuna kilio, hakuna kubisha. Kona ya pili ikakata kushoto. Kwa mkono wa kaka kwenye mpini aliona jinsi mwili wake ulivyojiandaa kuangukia upande ambao haukuja. Kona ya tatu, ya nne. Mji ulikuwa unashuka chini yao, mapaa ya mabati yakimetameta kama pini zilizomwagika. Alihisi kila punje ya changarawe ikimfikia mikononi, kila kiraka cha lami, na hakikuwapo hata kimoja alichotamani kilainishwe. Gari lilikuwa likimwambia kila kitu. Halikumficha hata jambo moja kwa kisingizio cha kumtunza.

Juu, penye tangi, alisimamisha. Kaka alishuka, akazunguka gari, akachungulia chini yake. Akanyoosha mgongo kwa mikono miwili.

"Ni gumu," alisema.

"Ndiyo. Ni gumu."

"Kiuno changu kimehesabu kila jiwe."

"Na changu pia."

"Sasa kwa nini? Wewe, mtu wa sponji! Shangazi angesema nini?"

"Shangazi alikaa juu ya kigoda cha mbao miaka arobaini akishona viti laini vya wengine. Ulimwona hata siku moja akijiwekea mto? Alisema kwenye mto hausikii cherehani ikianza kuumwa. Usimtaje shangazi, kaka. Yeye angekaa kiti cha mbele."

Kaka akatoa karatasi. Akaifungua, akaisoma, ingawa aliiandika mwenyewe na aliijua kama sala. Kisha akanyoosha kiganja, kwa sababu alikuwa amekuja kuchukua funguo na mtu aliyekuja kuchukua kitu hunyoosha kiganja.

Mama Sponji hakuziweka funguo pale.

"Karatasi inasema nini? Inasema raha?"

"Inasema salama."

"Haya. Wewe ni mtu wa mahakama. Nionyeshe kona moja ambayo halikuwa salama. Moja tu, kaka, nikupe."

Kaka alifikiri. Alifikiri kwa haki, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake maisha yote, hakuweza kusema uongo hata kwa faida yake mwenyewe. Alizirudia kona kichwani, midomo ikihesabu.

"Ya saba," alisema mwishoni.

"Ya saba ulifumba macho."

"Nilifumba kwa sababu..."

"Kwa sababu uliogopa. Kuogopa kwako si ushahidi dhidi ya gari."

Upepo ulikuwa ukipiga kwenye chuma cha tangi. Kaka alikitazama kiganja chake kitupu, kisha akakitia mfukoni pamoja na karatasi, kama kwamba mikono yake ilikuwa na baridi.

"Mama Sponji," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Mimi sitalipanda tena hili gari nikishafika nyumbani."

"Hulazimiki. Ni langu."

Mama Sponji alingoja aone kama atapingwa. Hakupingwa. Kaka alifungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda, akauvuta mara mbili.

Kushuka, mteremko ulikuwa mkali zaidi. Kabla ya kona ya saba alimsikia kaka akivuta pumzi.

"Punguza, mdogo wangu."

"Fumbua macho kwanza," alisema, akaiingia.